Wacheni Kusema "Ni Uzee Tu"

Wasee wangu, leo sina kichekesho. Wale mmezoea kuja hapa kucheka, kaeni tu, mtacheka wiki ijayo. Leo nataka tuongee kuhusu maneno matatu ambayo yanawaumiza wazee wetu kimyakimya, na sisi ndio tunayasema. Maneno yenyewe ni haya: "Ni uzee tu."

Unayajua. Shosho akisema magoti yanawaka moto usiku, ni uzee tu. Guka akisukuma sahani kando bila kula, ni uzee tu. Mzee aliyekuwa anapiga stori mpaka taa inaisha mafuta, sasa anakaa chini ya mti wa parachichi tangu asubuhi akiangalia barabara, haongei na mtu. Si unajua umri umeenda?

Tunayasema kwa upole, hata kwa mapenzi. Lakini ukiyaangalia vizuri, hayo ni maneno ya kufunga faili. Ukishayasema, hakuna mtu anahitajika kufanya kitu. Hakuna wa kumpeleka hospitali, hakuna wa kuuliza swali la pili. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na kama hukubaliani tutabishana kwa amani: kuzeeka si ugonjwa, na kukata tamaa si sehemu ya kuzeeka. Mzee akiumwa, anaumwa. Mzee akiwa na huzuni isiyoisha, kuna sababu, na mara nyingi sababu hiyo inaweza kushughulikiwa.

Na hatuongei kuhusu watu wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi hapa Kenya. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na kupata matunzo kutoka kwa familia na kwa serikali. Soma tena hapo: kushiriki. Haijasema kulishwa peke yake.

Hebu tuanze na mwili, maana hapo ndipo mambo huanza polepole. Goti likiuma, mtu anapunguza kutembea. Akipunguza kutembea, anakosa mazishi, harusi, chama na ibada. Akikosa hizo zote, hana mtu wa kuongea naye. Akikaa peke yake, mawazo yanaingia. Mawazo yakiingia, usingizi unatoka, na hamu ya kula inatoka nao. Sasa mtu ambaye hali vizuri wala halali anaanza kuruka dawa za presha, misuli inalegea, na goti linauma zaidi kuliko mwanzo. Umeona vile linazunguka? Ukiuliza ni mwili ama ni roho inayougua, swali lenyewe limekosea. Ni vyote viwili, na kila kimoja kinamsukuma mwenzake.

Halafu kuna yale mambo madogo ambayo hakuna mtu hutaja.

Masikio. Mzee asiyesikia vizuri huchoka kuuliza "umesema nini?" mara ya tano. Anaanza kutabasamu tu na kutikisa kichwa. Mnasema siku hizi amekuwa mpole. Hajakuwa mpole. Amejitoa kwenye mazungumzo.

Mkojo. Ndio, nimesema mkojo. Kuna akina mama waliozaa watoto saba, sasa wakikohoa au wakicheka mkojo unatoka. Kuna wanaume ambao tezi dume imekua kubwa, wanaamka mara nne usiku. Hakuna anayesema, maana ni aibu. Mtu anaacha tu kwenda kanisani au msikitini. Matatu ndiyo hawezi kabisa, kwa sababu hajui atapata choo wapi. Sisi tunasema imani imepoa, kumbe shida ni ya kumwambia daktari, na daktari akiambiwa ana la kufanya.

Kuna na mambo yasiyoonekana kwa macho. Ile tezi ya shingoni, thairoidi, ikifanya kazi polepole, mtu anaweza kuwa mchovu, mnyonge na msahaulifu. Vitamini B12 ikipungua mwilini, inaweza kuleta hayo hayo. Hivyo vitu hupimwa kwa damu. Mtu akipata kiharusi, huzuni nzito humfuata mara nyingi, na si kwa sababu amekosa shukrani kwamba alipona. Ubongo wenyewe umeumia. Hata dawa zenyewe, zikiwa za aina tano au sita kutoka kwa madaktari watatu ambao hawajuani, zinaweza kumfanya mtu asikie kizunguzungu na uchovu siku nzima. Haya yote tunayaita uzee kwa sababu hatujauliza.

Shosho yangu ameniruhusu niandike kumhusu, mradi nisiweke picha yake bila kilemba. Basi sikilizeni.

Miaka michache iliyopita macho yake yalianza kuingia ukungu. Aliacha kusoma Biblia yake ya maandishi madogo. Aliacha kusalimia watu kwa mbali, kwa sababu hakuwa anawatambua, na kijiji kikasema ana maringo tangu mjukuu wake aanze kuonekana kwenye simu za watu. Alikuwa mweka hazina wa chama chao cha akina mama kwa miaka mingi. Alianza kukosa mikutano, kisha akaacha kabisa. Hospitali ya kwanza alipopelekwa, mtu wa pale alimwangalia, akauliza umri, akasema: "Sasa shosho, kwa hii miaka unataka kuona nini tena?" Akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Vidonge vya maumivu, kwa macho!

Pahali pa pili wakasema ni mtoto wa jicho. Upasuaji ukafanywa, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na bandeji ilipotolewa akaanza kutuambia ni nani amenenepa. Kila mtu akafurahi. Tukajua sasa mambo yameisha.

Hayakuisha. Mwezi mmoja baadaye bado alikuwa anakaa pale pale, kwenye kiti kile kile. Chakula anaonja tu. Saa tisa usiku yuko macho. Nilienda nikakaa naye mchana mzima bila kushika simu, na jioni ndiyo akaniambia: "Macho yamerudi, lakini sina cha kuangalia." Ukweli ni kwamba alipokuwa haoni, kitabu cha chama kilipewa mtu mwingine. Ng'ombe alipewa kijana wa kumchunga. Jikoni aliambiwa apumzike. Kila kitu kilichukuliwa kwa nia nzuri kabisa, na kila kitu kilichochukuliwa kilikuwa sababu moja ya kuamka asubuhi.

Hapo ndipo niliona jambo ambalo ndilo moyo wa hii makala. Mwili ukitibiwa na nafasi ya mtu isirudishwe, umetibu nusu. Na ukimletea mzee maneno matamu ya kumpa moyo huku jino linamuuma na hasikii, pia umetibu nusu. Mzee anahitaji vitu vitatu kwa pamoja: matibabu, mtu wa kumsikiza, na kazi yenye maana. Ukiondoa kimoja, hivyo viwili vinachechemea.

Sasa utajuaje kama mzee wako ana huzuni ya kawaida ama ni ugonjwa? Kuna wanaouita sonona, wengine unyogovu, na nyumbani tunasema tu "ana mawazo". Shida ni kwamba mzee wa Kenya hatakuja akuambie "nina huzuni". Lugha hiyo hana, na hata akiwa nayo ataona ni kudeka. Atakuambia kifua kinabana. Atakuambia mgongo, kichwa, tumbo, "mwili wote". Vipimo vinatoka safi na watu wanaanza kusema anajifanya. Hajifanyi. Maumivu ni ya kweli, ni vile tu yametoka kwa mlango mwingine.

Madaktari wana maswali mawili mafupi ya kuanzia, na hata wewe unaweza kuyauliza kwa lugha ya mama yako. Kwa hizi wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya vitu ambavyo kwa kawaida unavipenda? Na umekuwa ukisikia moyo umeanguka, au umekata tamaa? Hayo tu. Jibu likiwa ndiyo kwa siku nyingi, mpeleke kituo cha afya na useme hivyo hivyo, kwa mdomo wako. Usimwache atibiwe goti peke yake.

Na akisema "bora nife", au "mimi ni mzigo tu, mtapumzika", usicheke na usimkemee kwamba anajilaani. Kaa hapo. Muulize wazi kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumpandii mtu hiyo fikra kichwani. Ondoa dawa za mifugo na za shamba karibu naye, usimwache peke yake, na mtafute msaada wa hospitali siku hiyo hiyo. Wengi huogopa kusema kwa sababu sheria yetu ilikuwa inamshtaki aliyejaribu kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Huyu ni mgonjwa wa kutibiwa, si wa kufungwa.

Kuna upande mwingine wa "ni uzee tu" ambao unatisha zaidi. Mzee akianza kusahau, akipotea njia ya nyumbani, akiongea peke yake usiku, anaweza kuwa na ugonjwa wa ubongo wa kusahau, demensia. Wakati mwingine ni huzuni nzito tu inayofanana nayo, na hiyo hutibika. Lakini kuna mahali hapa kwetu jibu huwa ni neno moja: mchawi. Kule Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa shamba. Mvi zimegeuka kuwa ushahidi. Sitaki kusikia mtu akisema hayo ni mambo ya watu wa huko. Ukikataa kuuliza mzee wako anaumwa na nini, umeacha pengo, na pengo hilo mtu mwingine atalijaza na hadithi yake.

Najua wengine mshaanza kusema: wewe unaongea tu, pesa iko wapi? Sawa, tuongee pesa. Serikali inatoa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa waliofika miaka 70 na wamesajiliwa. Piga hesabu. Boda ya kwenda na kurudi kliniki, dawa ambazo hospitali imekosa ukanunue duka la nje, unga, sukari. Hiyo pesa ni msaada wa kweli, na kuna mama wazee wanaoishi kwayo, lakini haitoshi, na ikichelewa miezi mitatu mzee anaruka dawa. Tuseme ukweli huo bila kumung'unya maneno.

Lakini kuna vitu vipo na hatuvitumii. Kwa wale waliojisajili SHA, huduma za msingi kwenye dispensari na vituo vya afya vya umma zinafaa kuwa bure. Wazee wengi hawajasajiliwa kwa sababu usajili unataka simu na nambari za siri, na wajukuu wenye simu wako Nairobi wakitazama video zangu. Msajili nyanya yako ukienda ushago. Dakika chache tu. Pia tangu Septemba 2023 kuna wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaozunguka nyumba kwa nyumba na mikoba ya vifaa, wakiwemo mashine ya kupima presha na sukari. Mimi naomba kitu kimoja kwa wanaopanga hizi shughuli: baada ya kupima presha, wauliziwe na yale maswali mawili. Hayahitaji betri.

Kitu kingine ni hii tabia yetu ya kutuma pesa na kuona tumemaliza. Simu inalia, M-Pesa imeingia, mzee anasema ubarikiwe, imeisha hiyo. Siibezi hiyo pesa. Wengi wetu mshahara umegawanywa kabla haujaingia. Lakini pesa haiwezi kumuuliza mtu amelala vipi.

Na kabla hatujalaumiana, tumtaje yule anayebaki nyumbani. Karibu kila familia ina mtu mmoja, mara nyingi ni binti ambaye hajaolewa au mke wa kitinda mimba, ambaye ndiye anaosha, anapika, anaamka usiku. Sisi wengine tunakuja Desemba na maagizo na soda. Huyo mtu naye anavunjika mgongo na moyo. Ukitaka kumsaidia mzee, mpe huyo siku mbili za kupumzika kwa mwezi, wewe ukae zamu. Na najua pia si kila mzee ni mtamu. Kuna baba ambao walipiga watu, waliuza mashamba, na leo wanataka kuheshimiwa. Sikulazimishi kusahau. Matibabu si zawadi ya tabia nzuri, basi. Unaweza kuhakikisha mtu amepata dawa bila kujifanya hakukukosea.

Turudi kwa ile kazi yenye maana, maana hapo ndipo huwa tunadharau. Mnamkumbuka Kimani Maruge? Mwaka 2004, akiwa na miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu akaingia darasa la kwanza Eldoret. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Baadaye ghasia za baada ya uchaguzi zikamfukuza kwake, akaishi kwenye hema, na masomo hakuacha mpaka karibu na kifo chake mwaka 2009. Priscilah Sitienei, yule tuliyemjua kama Gogo, wa Nandi, alikuwa mkunga miaka mingi, kisha akakaa darasa moja na watoto ambao baadhi yao alisaidia kuwazalisha mwenyewe. Alifariki 2022 akiwa na miaka 99. Sisemi mwili haukuwauma. Nasema walikuwa na pahali pa kwenda asubuhi.

Na si lazima iwe shule. Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina nyanya 14 kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa kwenye hayo mabenchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida tu. Angalia vizuri nani alikuwa anatibu: ni wale wale ambao sisi tunawaambia wapumzike.

Shosho yangu? Mwenye kitabu cha chama sasa huja kwake kila Alhamisi wahesabu pesa pamoja, kwa sababu hakuna anayekumbuka madeni kama yeye. Kuku ni wake, mtu asiguse. Si ati sasa anacheza densi. Magoti bado yanauma, na kuna siku anaamka mzito. Lakini anaamka akiwa na la kufanya, na siku akiwa mzito anasema, na kuna mtu anasikia.

La mwisho, na hili ni letu vijana. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema mtu 1 kati ya 6 duniani anaumwa na upweke, na vijana ni kati ya walioathirika sana. Yaani wewe uko kwenye bedsita yako na bando ya GB 2, huna wa kuongea naye, na nyanya yako yuko ushago na yeye hana wa kuongea naye. Wote mna simu. Hiyo si hesabu ngumu.

Kwa hivyo wikendi hii piga. Usianze na "umekula?" ukamalizia na "haya basi". Muulize analala vipi. Muulize anaona vipi, anasikia vipi. Muulize ni kitu gani alikuwa anapenda kufanya na sasa hafanyi. Akisema, "Aah, mjukuu wangu, ni uzee tu," usikubali. Uliza swali la pili.